Bango langu limeondoa watu kwenye benchi la duka: nilitoe au nishikilie msimamo?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 38 na nina duka dogo la nyuzi za kufumia hapa Moshi, katika fremu iliyo mtaa wa pili kutoka Soko la Mbuyuni. Ninauza nyuzi za akriliki, za pamba na kiasi kidogo cha sufu, pamoja na sindano, vifungo, zipu na mikasi. Wateja wangu wengi ni akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi na sweta za watoto, wapo mafundi wa sweta za shule, na baridi inapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, huongezeka wapagazi wa mlimani wanaotafuta kofia za kufunika masikio.

Nilipofungua, miaka 6 iliyopita, niliweka benchi refu la mbao nje, chini ya turubai, ili mteja anayesubiri chenji apate pa kukaa. Mwaka wa pili alianza kuja bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, ambaye kila mtu hapa mtaani humwita Bibi, nami nitamwita hivyo. Alinunua donge moja la uzi mweupe, akaketi, akafuma palepale hadi jioni. Alhamisi iliyofuata alirudi na jirani yake. Baada ya muda pakawa na kijiwe kamili: kila Alhamisi kuanzia saa 8 mchana hukaa watu kati ya 8 na 12, wakiwemo kijana mmoja mpagazi anayefuma kofia za kuuza na msichana wa chuo aliyejifunza kufuma kwa kutazama video kwenye simu. Bibi huwasahihisha wote. Nilifurahi, kwa sababu duka lilichangamka.

Baadaye furaha ikageuka kero. Baadhi yao huagiza nyuzi Kariakoo, zinaletwa kwa basi, kisha wanakuja kwangu na donge ambalo sikuliuza mimi, wakinitaka niwaonyeshe walipokosea. Mara mbili mteja wa jumla amesimama kaunta akanikuta nimeinama juu ya sweta ya mtu mwingine nikihesabu vitanzi, akaondoka. Mwezi Mei likatokea kubwa zaidi. Mama mmoja alinunua madonge 5 ya rangi ya maziwa, gramu 50 kila moja, kwa shilingi 3,500 donge. Uzi ukamwishia mkono wa pili ukiwa nusu, akarudi, nikampa donge la rangi ileile kutoka mzigo mpya. Alipomaliza, mkono ulikuwa na rangi mbili, juu maziwa, chini kama chai ya maziwa iliyopoa. Akaileta ile sweta Alhamisi, akaitandaza juu ya benchi mbele ya watu wote, na mmoja wao akasema kwa sauti kwamba duka hili siku hizi linauza uzi uliopauka.

Usiku ule sikulala. Jumatano iliyofuata niliandika bango kwa kalamu nyekundu: "BENCHI NI KWA WANAONUNUA TU. KUREKEBISHIWA KAZI SH. 3,000." Alhamisi Bibi akafika wa kwanza kama kawaida yake. Alivaa miwani, akalisoma bango mpaka mwisho, akaniambia taratibu, "Haya mwanangu, tumekusikia," akageuka akaenda zake. Wenzake walipofika hawakuketi. Leo ni wiki ya 5 na benchi ni tupu. Nasikia wanakutana barazani kwa mmoja wao, Pasua. Mauzo ya rejareja yameshuka, na hata yule kijana wa kofia simwoni.

Jambo jingine linaniumiza kichwa. Bibi ana deni langu la shilingi 38,000 kwenye daftari, la nyuzi alizochukua kidogo kidogo tangu Januari. Sikuwahi kumdai, na sasa nikimdai ataona ninamfukuzia mpaka nyumbani. Mume wangu anasema biashara haina bibi wala shangazi (unisamehe), kwa hiyo bango libaki na deni lilipwe. Dada yangu anasema nimemvunjia heshima mtu mzima, na anashauri nikawaombe radhi wote kisha tuandikishe kikundi tuchukue mkopo wa halmashauri. Mfuko wa Bibi wenye vipande vya mfano anavyofundishia bado unaning'inia kwenye msumari wa mlango, kwa sababu siku ile hakuuchukua. Nifanye nini?

Mwenye Fremu, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeweka matatizo manne katika bango moja, kisha unashangaa kwamba bango limeyashindwa. Ulikuwa na tatizo la muda wako wa kaunta, tatizo la nyuzi za Kariakoo, tatizo la sweta ya rangi mbili, na uchungu wa kusemwa vibaya mlangoni kwako. Yule aliyekusema pengine alikuwa mmoja tu, lakini wino wako mwekundu uliwapata wote, na wa kwanza kuusoma alikuwa mtu ambaye hakukukosea chochote.

Nianze na ile sweta, kwa maana naamini bila sweta hiyo bango lisingeandikwa. Uzi wako haukuwa umepauka. Kiwanda hutia nyuzi rangi kwa mikupuo, na hata kanuni ya rangi ikiwa ileile, mkupuo wa leo hautoki sawasawa na wa mwezi uliopita. Ndiyo maana lebo ya donge aghalabu huwa na namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya mkupuo. Ukishika madonge mawili ya mikupuo tofauti mkononi, huenda usione tofauti yoyote, hasa ndani ya fremu yenye taa moja. Yakishafumwa na kutandazwa juani, mpaka unajichora wenyewe. Nilipokuwa nikifuma sweta za shule kwa mashine, Ngarenaro, Arusha, niliwahi kutoa sweta 4 zenye migongo ya kijani kimoja na mikono ya kijani kingine, na mwalimu aliyeziagiza alizirudisha zote. Tangu siku hiyo sikuanza kazi bila kusoma namba ya pili.

Kwa hiyo hukumuuzia yule mama uzi mbovu, ila ulimuuzia uzi bila kumwambia jambo ambalo wewe muuzaji ndiye unayepaswa kulijua. Sweta ya mtu mzima hula kati ya gramu 400 na 600 kwa kawaida, yaani madonge 8 hadi 12 ya gramu 50, kutegemea unene wa uzi na ukubwa wa mwili. Mtu anayekuja kununua madonge 5 kwa ajili ya sweta yenye mikono mirefu aulizwe pale pale ni sweta ya nani. Kama hana fedha ya yote kwa mara moja, jambo ambalo kwetu ni la kawaida, mwandikie namba ya mkupuo kwenye risiti na umwekee madonge yaliyobaki kando kwa mwezi mmoja, akitanguliza kiasi kidogo. Mwambie pia achukue donge moja la ziada, na kwamba utalirudisha likiwa na lebo yake na halijafunguliwa. Na ikitokea mkupuo wa zamani umekwisha kabisa dukani, ipo njia ambayo Bibi bila shaka anaijua: mtu asisubiri uzi wa kwanza uishe, bali afume mistari miwili kwa uzi wa zamani na miwili kwa uzi mpya kwa kupokezana, ili tofauti itawanyike na jicho lisipate pa kushika. Yule mama umtafute. Mpe donge 2 za mkupuo mmoja bila malipo, afumue mikono yote miwili na kuifuma upya kwa kuchanganya hivyo na uzi atakaoufumua. Itakugharimu shilingi 7,000, na hiyo ni bei ndogo kuliko sweta ile kuendelea kuvaliwa mjini huku ikitaja jina la duka lako.

Sasa turudi kwenye benchi. Bango lako lina sentensi mbili, na mimi ya kwanza naipinga huku ya pili naikubali nusu. Kukaa hakuuzwi, mwanangu. Duka la nyuzi si kama duka la sukari, ambako mtu hununua kilo moja akaenda kupika. Uzi ni bidhaa ambayo mnunuzi asipojua cha kuifanyia hairudii tena, na anayemfundisha cha kuifanyia ndiye anayekuuzia donge la pili. Hebu chukua daftari lako uangalie ni nani walianza kununua baada ya kuketi na Bibi. Mwanafunzi mmoja tu wa Bibi aliyefika mwisho wa sweta moja amenunua kwako nyuzi za shilingi 28,000 hadi 42,000 kwa bei uliyoitaja. Najua hayo ni mauzo, si faida, na kodi ya fremu hailipwi kwa mauzo. Hata hivyo, hiyo ni hesabu ya mtu mmoja na sweta moja, na wewe una miaka mingi ya Alhamisi.

Fikiria pia maneno ambayo benchi lilikuwa linakupunguzia. Nina hakika umewahi kuulizwa kwa nini sufu ni ghali wakati Wamaasai wana kondoo wengi kiasi hiki. Kuna siku mtu huchoka kueleza kwamba kondoo wa Kimaasai ana manyoya mafupi kama ya mbuzi, hana sufu ya kusokota, na kwamba sufu unayouza imetoka nje ya nchi. Kuna anayehitaji kuambiwa kwamba sweta ya sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hujikunja na kushikamana hadi ikamfaa mtoto, na kwamba akriliki haina shida hiyo lakini pasi ya moto huiyeyusha. Mambo hayo yote yalikuwa yanasemwa nje, chini ya turubai, na mtu usiyemlipa.

Hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe. Ulihisi watu wanakula jasho lako bure, na ni kweli kwa sehemu. Lakini aliyekuwa akifanya kazi bure kuliko wote katika duka lako ni Bibi, na sentensi yako ya pili, ile ya shilingi 3,000, iliweka bei juu ya kazi yake bila kumuuliza na bila kusema fedha hiyo itaingia mfuko wa nani. Mwalimu mstaafu aliyesoma bango lile hakuona kwamba anaombwa kununua donge. Aliona kwamba mafunzo yake yamepangiwa bei kaunta kama zipu.

Kurekebisha kazi ya mtu ni kazi, na inastahili malipo; hapo simuungi mkono dada yako anayetaka uombe radhi kwa kila kitu. Tatizo la bei yako ni kwamba inamtoza sawa mtu aliyedondosha kitanzi kimoja, ambacho huokotwa kwa dakika mbili, na mtu ambaye mgongo wake wote unatakiwa kufumuliwa. Linaloisha mteja akiwa bado amesimama ni hisani ya duka, usilitoze. Linalohitaji kuketi na kuhesabu lisifanyike na wewe saa za biashara hata kidogo. Lifanyike Alhamisi, na lifanywe na Bibi, kwa malipo ambayo ni yake. Mkikubaliana kwamba anayetaka kufundishwa hasa analipa, tuseme, shilingi 2,000 kwa mchana mmoja, Bibi achukue yote au sehemu kubwa, na wewe uchukue mauzo ya nyuzi na sindano yatakayofuata. Wanaokuja kufuma kimya kimya na kupiga soga waketi bure kama zamani.

Kuhusu uzi wa Kariakoo, usiulize mtu alikonunua. Najua inauma. Lakini aliyeagiza uzi kwa basi hawezi kungoja basi lingine kwa sababu ya kifungo kimoja, na siku donge lake litakapopungukiwa ataanza kutafuta aliye karibu. Malipo ya mafundisho yakishakuwapo, hata huyo wa Kariakoo atakuwa analipia anachokipata kwako.

Huyo msichana wa chuo anayefuata video, mwombe Bibi amwanzie yeye, kwa maana nahisi nusu ya marekebisho yanatoka upande wake. Maelekezo ya kufuma ya Uingereza na ya Marekani yanatumia majina yaleyale kwa vitu tofauti. Katika krosheti, yaani ufumaji wa sindano moja yenye ndoano, mshono ambao Waingereza huuita wa mara mbili ndio Wamarekani huuita wa mara moja. Sindano namba 8 ya vipimo vya zamani vya Uingereza ni milimita 4, na namba 8 ya Marekani ni milimita 5, na milimita moja hiyo inatosha kabisa kugeuza sweta ya mtoto kuwa ya kaka yake. Bandika kwenye kaunta karatasi yenye vipimo vya milimita peke yake. Karatasi ya namna hiyo haimfukuzi mtu.

Mkopo wa halmashauri tuuache kwa sasa. Ni kweli kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi, asilimia 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Lakini kikundi hukopa kwa ajili ya kazi, na kijiwe chenu hakina kazi ya pamoja bado. Zaidi ya hayo, hakiketi kwako tena. Siku mtakapopata oda ya sweta za shule nzima, niandikie tena.

Sasa deni, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uniandikie. Usilisamehe kimya kimya. Mtu aliyefundisha maisha yake yote anajua alichochukua hadi donge la mwisho, na ukilifuta bila kumwambia atajua umemwona hawezi kulipa. Usilikate pia kwenye malipo yake ya Alhamisi kama mkopo wa mshahara, kwa sababu utakuwa umemgeuza kibarua wa deni lake mwenyewe. Na usilitaje siku utakayokwenda kuonana naye kwa mara ya kwanza. Liache daftarini, na baada ya kijiwe kurudi, siku mko wawili tu, mfungulie ukurasa wake umwambie, "Bibi, hesabu yetu imefika hapa, niambie tuifanyeje." Yeye ndiye aseme kama atalipa kidogo kidogo, au kama mchana wake mmoja kwa mwezi uhesabiwe humo. Neno hilo likitoka kwake linakuwa mapatano. Mume wako mwambie deni halijapotea, limeandikwa, na mwenyewe hajalikana.

Nenda kwake wewe mwenyewe. Usitume mtoto wala usimpigie simu. Nenda siku isiyokuwa Alhamisi, ili usiwakute wenzake ukalazimika kuzungumza mbele ya baraza. Bango ulitoe kabla ya kwenda, si baada ya kurudi, ili asionekane kuwa ndiye aliyekushinda likang'olewa. Msalimie, kaa anapokukaribisha, kunywa utakachopewa. Mwambie ulikasirishwa na neno la mtu mmoja ukawajibu watu 12, na kwamba kabla ya kuandika bei ya kazi yake ulipaswa kumuuliza. Halafu muulize sasa. Maneno mengine usiyapange, kwa sababu ataona umeyapanga.

Utashawishika kubeba ule mfuko wa vipande vya mfano ili usiende mikono mitupu. Usiubebe. Chukua sukari, chukua ndizi, lakini mfuko uache hapo hapo. Bibi amefika dukani kwako kwa miaka mingi, na siku ile alikuwa na utulivu wa kutosha kuvaa miwani, kusoma bango mpaka mwisho na kukujibu kwa upole. Msumari uko mlangoni, na alipita mbele yake akitoka. Siamini aliusahau. Ukimpelekea nyumbani, utakuwa umemaliza wewe kazi ambayo yeye aliiacha nusu, na hatakuwa na sababu ya kurudi kuufuata. Ufute vumbi, uurudishe msumarini, na Alhamisi uweke benchi nje kabla ya saa 8.

Shangazi